Picha Imekwama Wapi?

Mwezi Desemba 1915 Waingereza walishusha majini boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, kwenye ufuko wa Kalemie, mji ambao Wabelgiji waliuita Albertville. Boti hizo zilipitia Cape Town. Zilipanda reli, zikaburuzwa milimani kwa mashine za mvuke na ng'ombe, zikateremka mto Lualaba, mpaka zikafika Ziwa Tanganyika. Tarehe 26 mwezi huohuo ziliiteka meli ya Wajerumani iliyoitwa Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 Waingereza wakaizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann. Mkasa huo ndio uliompa mwandishi C. S. Forester mbegu ya riwaya yake ya mwaka 1935, The African Queen. Mwaka 1951 mwongozaji John Huston alikuja Kongo na Uganda kuifanya filamu.

Huston alikuwa na shida moja ambayo kijana yeyote wa Kalemie anayepiga video za harusi leo hawezi kuivumilia hata kwa saa moja: hakuweza kuona alichokipiga. Mikanda ya rangi ya Technicolor ilisafirishwa mpaka London kusafishwa, na watu waliobaki mtoni na msituni walisubiri habari. Kama kivuli kilimfunika mwigizaji Katharine Hepburn usoni, au kamera ilitikisika, habari ilifika baada ya siku nyingi. Miaka michache baadaye, mwaka 1960, mchekeshaji wa Kimarekani Jerry Lewis aliweka kamera ya televisheni pembeni ya kamera ya filamu alipotengeneza The Bellboy, ili aone papo hapo sura ya kila tukio. Tangu hapo watu wa picha hawajaacha kudai kioo cha kutazamia kazi yao kabla haijatoka mikononi mwao.

Katika studio ndogo za Kalemie kioo hicho ni runinga ya kawaida iliyowekwa pembeni ya kompyuta. Mhariri, au fundi wa «montage» kama wanavyosema wenyewe kwa Kifaransa, anakata na kuunga picha za harusi, za kwaya, za ubatizo au za matanga kwenye kompyuta, na runinga ile inamwonyesha kazi kama familia itakavyoiona nyumbani. Kati ya kompyuta na runinga kuna kadi ya kuhariria video. Na siku kadi hiyo ikigoma kutoa picha, runinga hubaki nyeusi, mteja yuko njiani, na fundi huanza kufikiria safari ya Kigoma au Lubumbashi kutafuta kadi nyingine.

Mara nyingi safari hiyo haihitajiki. Kadi ni nzima. Kilichovunjika ni makubaliano.

Ili jambo hili lieleweke, ni lazima kutenganisha kadi mbili ambazo watu huzichanganya kila siku. Ya kwanza ni kadi ya michoro, ile ambayo kila kompyuta inayo, na kazi yake ni kuonyesha madirisha, ikoni na maandishi. Ukichomeka skrini ya pili kwenye kadi ya michoro, kompyuta inaitambua na kuiongezea nafasi ya kazi. Ya pili ni kadi ya video, kama DeckLink za Blackmagic Design, kampuni iliyoanzishwa Melbourne, Australia, mwaka 2001 na Grant Petty na wenzake, au Kona za AJA. Hii haijui madirisha wala ikoni. Inatoa kitu kimoja tu: mkondo wa picha za video, fremu baada ya fremu, kwa ukubwa na kasi maalumu, kama kituo cha televisheni kinavyorusha matangazo.

Matundu yao yanafanana. Zote mbili zinaweza kuwa na tundu la HDMI, na hapo ndipo wengi wanapoteza usiku mzima. Fundi anachomeka runinga kwenye kadi ya video, anafungua mipangilio ya skrini ya Windows, haoni skrini ya pili, anaamua kadi imekufa. Kadi haijafa. Windows haitaionyesha hapo kamwe, kwa sababu machoni pake kile kifaa hakihusiani na skrini ya kompyuta. Picha itatoka pale tu programu ya kuhariria itakapoamriwa kuitoa.

Amri hiyo inakaa mahali tofauti katika kila programu. Katika Adobe Premiere Pro iko kwenye mipangilio ya uchezaji, chini ya jina Mercury Transmit. Ni lazima kiboksi chake kitiwe alama, kisha jina la kadi nalo litiwe alama. Katika DaVinci Resolve iko kwenye mapendeleo ya mfumo, sehemu ya kuingiza na kutoa video na sauti, na ukiibadilisha programu yenyewe hukuomba uifunge na kuifungua upya. Premiere ina kiboksi kingine kinachozima picha ya nje kila unapohamia programu nyingine, na wengi hukishtukia kwa njia ngumu: wanafungua kivinjari kutafuta dawa ya runinga kuzima, na runinga inazima kwa sababu wamefungua kivinjari.

Kuna jambo lingine dogo linalofanana na hilo. Kadi nyingi za kutolea picha humtumikia bwana mmoja kwa wakati mmoja. Ikiwa Premiere iko wazi nyuma ya pazia, au programu ya kurekodi iliyokuja na kadi haijafungwa, Resolve itaikuta kadi imeshikwa na itakaa kimya. Kufunga programu zote na kufungua moja tu kumeokoa kadi nyingi zilizokuwa zimeshahukumiwa.

Lakini sababu kubwa kuliko zote, na hii ndiyo inayostahili kukaliwa kitako, ni kasi ya fremu.

Video ni picha zilizotulia zinazopishana haraka. Nchi zilizorithi mifumo ya Ulaya zilichagua picha 25 kwa sekunde, kwa sababu umeme wao hupiga mara 50 kwa sekunde. Marekani na Japani zilichagua takriban 30. Kwa hesabu kamili ni 29.97 tangu rangi ilipoingia katika televisheni ya Marekani miaka ya 1950. Kwa upande huu Ziwa Tanganyika lina historia yake ya kupendeza. Nchi nne zinalizunguka, na wakati wa matangazo ya analogia zilikuwa zimegawanyika: Kongo na Burundi zilifuata SECAM ya Wafaransa, Tanzania na Zambia zilifuata PAL, iliyobuniwa na Mjerumani Walter Bruch wa kampuni ya Telefunken. Runinga inayojua PAL peke yake ikipokea SECAM huonyesha picha bila rangi. Ziwa moja, upepo mmoja, rangi mbili zisizoelewana. Hata hivyo pande zote mbili zilikubaliana juu ya jambo moja: fremu 25.

Leo SECAM na PAL zimebaki kuwa majina tu, lakini 25 na 30 bado zinagombana ndani ya studio za Kalemie. Simu nyingi hupiga kwa fremu 30 kwa sekunde zisipoelekezwa vingine. Kamera inaweza kuwa imewekwa 25. Rafiki wa bwana harusi ameleta vipande vya 60. Vyote vinaingizwa kwenye kazi moja, na programu inaamua kasi ya kazi nzima kwa kufuata kipande cha kwanza kilichoingia au kile mhariri alichokubali bila kusoma. Kisha kadi inaambiwa itoe picha kwa kasi fulani, na runinga nayo ina orodha yake ya kasi inazozikubali.

Hapo ndipo kioo kinapokuwa cheusi. Runinga iliyotengenezwa kwa soko la Ulaya au Afrika kwa kawaida hukubali 50 na 60, yaani 25 na 30 mara mbili, bila kulalamika. Skrini nyingi za bei nafuu zilizotengenezwa kwa ajili ya kompyuta hukubali 60 tu. Runinga kuukuu zilizotumika Marekani nyingi hazijawahi kuonyeshwa 50 maishani mwao. Ukizipelekea fremu 25, au nusu-fremu 50, zinaandika kwamba hazina ishara, au kwamba ishara iko nje ya uwezo wao, na fundi anasoma maandishi hayo kama cheti cha kifo cha kadi. Kwa dakika mbili anaweza kujua ukweli: abadilishe kazi ya majaribio iwe 1080 kwa fremu 60, au achomeke runinga nyingine ya sebuleni. Picha ikitokea, kadi haina kosa lolote.

DaVinci Resolve ni mkali zaidi katika jambo hili. Kasi ya mradi hujifunga mara tu video za kwanza zinapoingizwa, na umbo la picha inayotolewa kwenye kadi ni lazima liendane na kasi hiyo. Mhariri aliyezoea Premiere huanza kazi haraka, anaingiza kila kitu, kisha anagundua kuwa kasi imefungwa kwenye 30 wakati mteja anataka 25. Dawa ni kufungua mradi mpya, kuweka kasi kwanza, ndipo kuingiza video.

Na si swali la picha kutokea tu. Kazi ya fremu 30 ikigeuzwa kuwa 25 kwa njia ya kawaida, fremu moja katika kila sita hutupwa, yaani tano kila sekunde. Kwenye picha ya wazee waliokaa huwezi kuona tofauti. Kwenye ngoma, pale mabega na viuno vinapokwenda na gitaa, mwendo unakatika mara tano kwa sekunde, na mcheza ngoma hodari anaonekana kama anayejikwaa. Kwenye dirisha dogo la kompyuta kasoro hiyo hujificha. Kwenye runinga kubwa, kwa mkondo halisi wa kadi, inajitokeza, na hii ndiyo sababu ya kuwa na kioo cha pili. Mhariri anayefanya kazi bila kioo hicho amerudi kwenye hali ya Huston, isipokuwa habari mbaya haitoki London tena. Inaletwa mlangoni na mama wa bibi harusi.

Kanda za zamani zina ugonjwa wao. Familia nyingi bado zina harusi za miaka ya 2000 zilizopigwa kwa kamera za mini-DV, picha ya mistari 576, na kila fremu imegawanywa nusu mbili zinazopishana mistari. Katika DV nusu ya chini huja kwanza. Katika video nyingi za HD zenye nusu-fremu ni ya juu. Programu ikidanganywa kuhusu mpangilio huu, mtu anayetembea hupiga hatua mbele, nyuma, mbele, nyuma, kwa mtetemo unaoumiza macho. Skrini ya kompyuta huchanganya nusu hizo na kuficha kosa. Runinga inayopokea 1080i au 576i kutoka kwenye kadi huonyesha kosa lote. Kadi haikuleta mtetemo huo, imeufichua tu.

Kuna pia mmemeto ambao hautokani na kadi wala runinga. Taa za mirija zinazotumia umeme wa mipigo 50 huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Kamera iliyowekwa kwa kasi ya Kimarekani, shata ikiwa 1/60, hunasa mistari ya mwanga inayopanda na kushuka ukutani. Hiyo imeshaingia kwenye faili, na hakuna waya utakaoitoa. Njia ya kutambua ni rahisi: simamisha video kwenye fremu moja. Mmemeto ukikoma, uko ndani ya picha. Ukiendelea wakati picha imetulia, uko kwenye waya, kwenye kadi au kwenye umeme.

Umeme wa Kalemie una hadithi ndefu. Hutoka kituo cha maporomoko cha Bendera, kaskazini mwa mji, kilekile ambacho waasi na Wacuba wa Che Guevara walikishambulia mwishoni mwa Juni 1965 na kushindwa. Studio nyingi haziutegemei peke yake. Kuna jenereta, kuna betri za sola. Na hapa kuna hatari ambayo mafundi wanapaswa kuiheshimu. Kompyuta ikichukua umeme wa mtandao na runinga ikachukua umeme wa jenereta, vyombo hivyo viwili huenda havina ethi moja. Tofauti ya volti kati yao hutafuta njia ya kupita, na njia iliyopo ni waya wa HDMI. Katika hali nafuu unaona mstari mweusi unaopanda taratibu kwenye picha ya analogia, au picha ya HDMI inayokatika na kurudi. Katika hali mbaya tundu la HDMI huungua upande mmoja au pande zote mbili, na hapo kadi imekufa kweli. Kompyuta, runinga na spika zichukue umeme kutoka mstari mmoja wa soketi, nyuma ya stabilaiza moja au UPS moja. Waya wa HDMI uchomekwe vyombo vikiwa vimezimwa.

Umeme una la kusema hata kwenye programu. Kadi za kisasa zina programu ndogo ndani yake, na programu endeshi mpya ikiwekwa mara nyingi hutaka kuisasisha ile ya ndani. Kazi hiyo huchukua dakika chache. Umeme ukikatika katikati, kadi inaweza kushindwa kuamka tena. Yeyote anayesasisha kadi bila betri nyuma yake anacheza kamari na mtaji wake.

Kuhusu programu endeshi zenyewe, kosa la kawaida ni kudhani kwamba mpya daima ni bora. Kadi ya miaka kumi iliyopita inaweza kuwa imeachwa na matoleo mapya. Programu ya kuhariria ya miaka kumi iliyopita inaweza isielewane na programu endeshi ya mwaka huu. Wakongwe wanakumbuka kadi za Matrox RT.X100 na Pinnacle DV500, zilizong'ara enzi za Windows XP. Zilikaa kwenye mlango wa PCI wa zamani, ambao kompyuta mpya hazina tena, na zilifungamana na matoleo fulani ya Premiere. Aliyehamia Windows mpya aliikuta kadi ya gharama kubwa imegeuka kuwa kipande cha bati. Mjini ambako bando la intaneti ni ghali, faili la kusakinisha lililofanya kazi vizuri ni mali. Linafaa kuhifadhiwa kwenye diski mbili, pamoja na toleo la programu linaloelewana nalo.

Zimebaki rangi na sauti. Picha ikitokea lakini imepauka kama iliyofunikwa vumbi, au weusi wake umezama mpaka suti na ukuta vimekuwa kitu kimoja, sababu huwa ni kutoelewana juu ya viwango. Video ya televisheni huhesabu weusi kuanzia 16 na weupe hadi 235. Kompyuta huhesabu kuanzia 0 hadi 255. Upande mmoja ukisema lugha hii na mwingine ile, picha inaharibika bila kuzimika. Wanaoumizwa zaidi ni watu wenye ngozi nyeusi, yaani karibu kila mtu kwenye harusi ya Kalemie, kwa sababu mashavu na paji la uso hukaa kwenye vivuli vya chini, palepale ambapo viwango visivyolingana hufuta maelezo kwanza. Mhariri akiona uso wa bibi harusi umezama, asikimbilie kuongeza mwanga kwenye video. Alinganishe kwanza viwango vya kadi na runinga, na aitoe runinga kwenye ule mtindo wa dukani unaopandisha rangi zote mpaka mwisho. Akirekebisha video ili ipendeze kwenye runinga iliyokosewa, ataharibu kazi iliyokuwa sawa.

Sauti ikiwa mbele ya midomo, runinga ndiyo inayochelewa: inachukua muda kupamba picha kabla ya kuionyesha, huku spika za kompyuta zikitoa sauti mara moja. Kuweka runinga kwenye mtindo wa michezo ya video hupunguza upambaji huo. Kama bado kuna pengo, Premiere na Resolve zina sehemu ya kusogeza picha au sauti kwa kiasi kidogo.

Fundi mwenye busara haanzi na kadi. Anaanza na kile ambacho ni rahisi kukithibitisha. Anachomeka king'amuzi kwenye runinga kwa waya uleule: picha ikitokea, runinga na waya ni vizima. Anahakikisha runinga iko kwenye tundu sahihi. Anafungua programu ndogo iliyokuja na kadi na kucheza faili moja ndani yake, bila Premiere wala Resolve. Picha ikitokea hapo, kadi na programu endeshi ni nzima, na kosa liko kwenye mipangilio ya programu ya kuhariria. Isipotokea, anazima kompyuta, anaitoa kadi, anafuta vumbi, anaikaza vizuri kwenye mlango mwingine. Kwa kila hatua anabadilisha kitu kimoja tu. Anayebadilisha vitatu kwa pamoja anaweza kupata picha, lakini hatajua kilichoileta, na wiki ijayo atakuwa gizani tena.

Wenye studio Kalemie, Moba, Uvira na kote ziwani wafanye jambo moja wiki hii, wakati picha bado inatoka vizuri: waandike kwenye karatasi kasi ya fremu, umbo la picha inayotolewa, toleo la programu endeshi, toleo la programu ya kuhariria na jina la tundu la runinga, kisha waibandike karatasi hiyo ukutani nyuma ya kompyuta.